Njia Arobaini za Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo hata fisi alikuwa na mlango wake, wanyama wa Kitope walikuwa na desturi moja. Mnyama akila mahali akashiba, akirudi nyumbani hufyeka nyasi, kuanzia mlangoni pake mpaka kwa yule aliyemlisha. Jirani akiiona ile njia anajua huko kuna chakula. Hakuna aliyeombwa kufyeka. Kuomba njia ilikuwa aibu, sawa na kuomba kusifiwa.

Mama Kanga alikuwa akipika kunde. Kunde zake, wanangu, acheni tu. Kwa miaka saba alipata njia tisa: ya Swala, ya Ngiri, na hata ya Kobe, aliyefyeka yake mwaka mzima bila kulalamika.

Bwana Kifaru naye alipika makande. Akichemsha mahindi kidogo, amechoka, anapakua. Ukitafuna unasikia kakara, kakara, hujui kama ni mahindi au meno yako. Alikuwa na njia moja tu, ya shemeji yake, naye aliifyeka kwa woga.

Mwaka mmoja kiangazi kikaja kikali. Mzee Tembo, mkuu wa Kitope, akatangaza:

"Kisima kimebaki kimoja. Atakimiliki, na kuamua nani anywe, mwenye njia nyingi kuliko wote, maana ndiye anayelisha wengi. Ijumaa napanda kilimani kuhesabu."

Mama Kanga alikuwa na vifaranga kumi na mmoja, hata kuruka hawajui. Bila kile kisima ingebidi awatembeze siku nne juani mpaka mtoni.

"Msiogope," akawaambia. "Nani mwingine ana njia tisa?"

Sasa, kulikuwa na Pimbi, mdogo, mwepesi, mkazi wa mawe, ambaye maishani mwake hakuwahi kupika hata uji. Huyo akaenda kwa Kifaru.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema shida yako."

"Shida ni yako. Mimi nina dawa. Niruhusu ninywe wa kwanza kisimani kila asubuhi, nami nikupatie njia arobaini kabla ya Ijumaa."

"Arobaini? Na hapa hali mtu?"

"Kulisha watu kunachukua miaka, bwana mkubwa. Kufyeka ni panga tu."

"Zitaanzia milangoni kwa nani?"

"Ya milango niachie mimi. Mzee anahesabu akiwa kilimani, na kule juu milango haionekani."

Kifaru akacheka mpaka pembe ikatikisika.

Lakini mnyama gani mwenye heshima zake angekubali njia ianzie kwake kwa chakula ambacho hajakila? Pimbi alibisha hodi kote, akafukuzwa kote. Mwisho akavuka kilima mpaka kwenye mapango ya fisi, ambako hakuna aendaye kwa hiari.

"Nianzishe njia hapa kwenu?" akauliza.

"Zinakwenda wapi?" wakauliza fisi.

"Kwa Kifaru."

Fisi wakatazamana. "Anzisha," wakasema.

Fyeku, fyeku, fyeku, siku tatu mfululizo.

Ijumaa Tembo akahesabu. Kanga, tisa. Kifaru, arobaini na moja.

"Mzee," akasema Mama Kanga, "nakuomba ufuate moja tu mpaka inakoanzia. Umuulize mwenye mlango alikula lini."

"Miguu inaniuma, Mama Kanga. Na hesabu ni hesabu."

Miguu inamuuma! Mimi hadithi hii nikifika hapa huwa natamani kuiacha. Mama Kanga akakusanya wanawe, wakaondoka kwenda mtoni. Waliondoka kumi na mmoja. Sitawadanganya, wanangu: waliofika walikuwa sita.

Na Kifaru? Siku tisa alikaa kisimani akisubiri wageni. Siku ya kumi wakaja. Fisi arobaini, kila mmoja kwa njia yake. Kifaru akageuka huku, akageuka kule, na kila upande kulikuwa na njia, na kila njia ilikuwa na fisi. Wakamchukua ndama wake mdogo. Wakanywa, wakaoga, wakatupa mifupa majini, maji yakaoza, na Kitope nzima ikalala na kiu.

Kifaru akaenda kwenye mawe, sauti imemkauka.

"Pimbi, umeniletea fisi."

Pimbi alikuwa anafunga mzigo wake, amenenepa kwa asubuhi zote zile alizokunywa wa kwanza.

"Ulitaka njia, bwana mkubwa, nikakupa njia. Wageni wa heshima ungewaita wewe, kwa kupika makande yakaiva."

Akapenya katikati ya mawe, tii, akapotea. Nasikia Nyati wa bonde la pili alikuwa anamsubiri.

Njia ya kweli hufyekwa na aliyeshiba. Ukifyekewa na mwongo, hujui atakayekujia.