Mafiga ya Mwanajimbo

Nimeinjika kisa!

— Kipakue, Bibi!

Kikiwa cha moto?

— Tutakipuliza!

Basi sogeeni. Wewe Tabu, acha kumfinya mwenzio, la sivyo utalala na njaa ya kisa. Hapo kale, kale ile milima ilipokuwa bado inagombania mahali pa kukaa, watu hawakuwa na viberiti. Bibi harusi akiingia nyumbani kwake, mama mkwe humletea mafiga matatu, na kaa la moto kutoka mekoni kwake mwenyewe. Moto ule hulindwa usife. Jirani aliyezimikiwa huja asubuhi na kigae mkononi: "Hodi, nimekuja kupalia moto." Naye hupewa. Moto hanyimwi mtu, wajukuu zangu, hata awe mkorofi kama Tabu.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanajimbo, mke wa Shekuwe mfinyanzi. Nyumba yao ndogo, ya udongo, lakini chungu hakikukosa kuchemka, na mtoto wao Mosi alikuwa mnene kama boga. Siku moja mke wa jumbe akapita njiani, kajitanda shuka jeupe pe, hana hata chembe ya masizi. Mwanajimbo akajinusa. Akanusa moshi. Tangu siku ile hakula akashiba.

"Mume wangu, nanuka moshi!"

"Kila mpishi hunuka moshi. Mimi nanuka tope."

"Wewe nuka utakavyo. Mimi nataka kuta nyeupe na shuka jeupe!"

Shekuwe alimpenda, na mapenzi mengine ni maradhi. Akachimba udongo mweupe, akazipaka kuta. Akabeba vyungu vyote vya msimu ule mpaka gulioni, akarudi na shuka. Vyungu vyote, shuka moja! Mngemwona Mwanajimbo! Anazunguka, anajitazama kwenye maji ya mtungi, anazunguka tena. Mara akaona moshi unaupanda ukuta wake. Akamwaga maji mekoni, chwaa! Akayabingirisha mafiga mpaka nje kwenye majani.

Sasa chakula kikawa kinapikwa ng'ambo ya bonde, kwa mama mkwe, Bi Siwema. Bi Siwema akaja kutazama kulikoni. Akayaona mafiga nje.

"Mwanangu, nyumba isiyo na mafiga ni ghala."

"Ghala langu jeupe, mama. Nyumba yako nyeusi."

Loo! Kumwambia mkwe hivyo! Mimi ningemchapa. Bi Siwema hakumchapa. Aliyaokota mafiga, akayatia kwenye tenga, akaenda zake. Majirani wakaja na vigae vyao, hodi, hodi, wakaukuta weupe, moto hawakuukuta. Wakaacha kuja.

Ikaingia masika. Mvua inanyesha, inanyesha, inanyesha. Mchana mmoja Mosi akateleza mtaroni, akatolewa amelowa chapachapa. Akatetemeka, meno yakagongana. Kisha hata meno yakanyamaza. Hapo ndipo pa kuogopa, watoto, meno yanaponyamaza. Shekuwe akapekecha vijiti mpaka viganja vikachubuka, lakini vijiti vilikuwa vimelowa.

"Mvua imewazimia moto majirani nao. Nitakwenda kwa mama," akasema.

"Mkumbatie mtoto," akasema Mwanajimbo. "Niliuzima mimi, nitaupalia mimi."

Akatwaa chungu, akashuka bondeni, matope magotini.

"Hodi, mama. Nimekuja kupalia moto."

"Nani?"

"Mimi, mama. Mwenye ghala."

Bi Siwema akamtazama. "Mtoto?"

"Amepoa."

"Kinga chungu. Maneno yana siku yake."

Makaa yakaingia chunguni. Lakini nje mvua ilikuwa ya kuzima moto hata wa mhunzi. Mwanajimbo akalivua lile shuka mabegani, akabaki na kaniki yake ya zamani. Akalikunja, akakifunika chungu. Juu mvua inapiga, chini makaa yanakula. Akasikia harufu ya nguo inayoungua. Je, aliliondoa?

— Hapana!

Hasa! Alikikumbatia chungu kifuani, akapanda kilima. Akafika, moto u hai! Akainama kuutua, akakumbuka: autue wapi? Mafiga hana! Ndipo alipogeuka akamwona Bi Siwema mlangoni, mvua inamchuruzika, tenga kichwani, anahema.

"Figa moja haliinjiki chungu," akasema. "Nimekuja na yote. Nipokee, shingo inakatika!"

Wakayapanga katikati ya nyumba nyeupe. Moto ukawaka, moshi ukapanda, kuta zikawa nyeusi, na hakuna aliyezitazama. Uji ukachemka. Mosi akatetemeka, akakohoa, kisha akalia kwa sauti ya kuuvunja mtungi! Shekuwe naye akalia. Bi Siwema akapiga kigelegele, na majirani wakaja mbio kwenye mvua ile ile, wengine na vigae mikononi. Wote wakapewa moto.

Ngoma ya mavuno ilipofika, Mwanajimbo alijitanda shuka lake lililotoboka katikati, akaingia uwanjani kifua mbele. Mke wa jumbe akacheka. "Maskini, shuka lako lina tundu!"

"Lina," akasema Mwanajimbo. "Lako limefunika nini?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Basi ukinuka moshi, mjukuu wangu, usione haya. Nyumbani kwenu kunapikwa. Kisa changu kimeiva, nimekiepua. Mwenye bakuli?

— Tumekinga, Bibi!

Tabu, na wewe umekinga? Haya, mpelekee na mwenzio.