Maswali Saba Ambayo Afande Hakuyauliza

Nilitumiwa habari hii nikiwa nachambua mchele, nikauacha mchele wenyewe juu ya ungo. Isome ukiwa umekaa, kisha mpitishie mtu mmoja unayemjua kwa haraka ya kuhukumu.

Palikuwa na mpelelezi mstaafu aliyeitwa Fulgence. Wilaya nzima ilimwita Afande, na hata baada ya miaka sita ya kustaafu wenye maduka walisimama akipita. Sifa yake ilitokana na jambo moja. Mtu akiuawa, Afande hakujisumbua sana na alama za viatu wala kuhoji majirani. Alingoja msiba. Alikaa benchi moja na wazee, akala ubwabwa pamoja na waombolezaji, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kutazama nyuso.

"Msibani muuaji hujitaja mwenyewe," alikuwa akiwaambia vijana wa kituoni. "Asiyelia ana lake jambo."

Mara kadhaa alipatia kweli. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana mtu akipatia mara tatu huona hawezi kukosea ya nne.

Mwaka mmoja aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Miezi ya kukaa kwenye kochi ilimfanya awe mkali kama pilipili kichaa. Aligombana na redio, akagombana na uji, akagombana na jogoo wa jirani. Binti yake Skolastika, aliyekuwa akimuuguza, alipochoka akamletea gemu. Aliiunganisha na televisheni, akamwekea baba yake pedi ya kuchezea mkononi.

"Hii ni ya upelelezi, baba. Kuna mtu ameuawa. Unazunguka mjini, unahoji watu, kisha unamtaja muuaji. Lakini unamtaja mara moja tu. Ukishamtaja, hairudi nyuma."

"Mimi, na mvi hizi, nicheze katuni?"

"Usicheze basi. Huenda hata itakushinda."

Neno hilo lilitosha. Afande alivaa miwani.

Gemu ilikuwa ya Kiingereza, naye alikuwa na Kiingereza cha majalada, kikamfaa. Katika mji mmoja mdogo kando ya reli, mwalimu wa kwaya alikuwa amekutwa amekufa nyuma ya stesheni. Walioshukiwa walikuwa watatu: mjane wake, mkuu wa stesheni, na mdogo wake marehemu aliyeitwa Ivo. Siku ya kwanza Afande alihangaika na vitufe tu. Siku ya pili gemu ikamfikisha msibani, nyumbani kwa marehemu, naye akajiegemeza kwenye kochi kwa raha. Msibani ndiko alikokuwa mwenyeji.

Akatazama nyuso. Mjane alilia. Mkuu wa stesheni alilia mpaka akashikwa kwapa. Ivo alisimama karibu na mlango, macho makavu.

"Huyo," Afande akasema, akabonyeza.

"Baba, subiri, hujamhoji hata..."

"Miaka thelathini na mmoja, Skola. Mwenye macho haambiwi tazama."

Gemu haikumwambia kama amepatia au amekosea. Iliendelea tu. Ivo akakamatwa, akahukumiwa, akanyongwa, na gemu ikamwonyesha Afande kila hatua, hata viatu vilivyobaki chini ya ngazi ya kitanzi. Wiki moja baadaye, katika mji uleule, mjane naye akakutwa amekufa. Mkuu wa stesheni akapanda treni na sanduku lake, akaenda zake. Kisha kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi meupe: Maswali ambayo hukumuuliza Ivo ni saba.

Kwanza Afande alikasirika. Alisema gemu imetengenezwa na watu wasioijua kazi. Skolastika hakubishana naye. Alichukua pedi na kubonyeza swali la kwanza, kwa kuwa gemu ile ilikuruhusu kusikia, baada ya kila kitu kuharibika, majibu uliyoshindwa kuyatafuta.

"Kwa nini hulii?" iliuliza sauti ya mpelelezi.

Na Ivo, aliyekwisha kunyongwa, akajibu kwa upole. "Mama yetu yuko chumba cha nyuma, moyo wake mgonjwa. Hajaambiwa bado. Akinisikia nalia, atajua."

Afande hakutaka kusikia la pili. Aliomba televisheni izimwe, na Skolastika alidhani ni maumivu ya nyonga. Haikuwa nyonga. Ilikuwa hofu, na hofu yenyewe haikumhusu Ivo, maana Ivo ni picha tu. Alikuwa amemkumbuka Aminiel.

Miaka kumi na tisa nyuma, mkulima aitwaye Elisante aliuawa kwenye shamba lake la kahawa. Siku ya mazishi Afande alikaa benchini kama kawaida. Kijiji kizima kililia, isipokuwa Aminiel, mdogo wake marehemu, aliyetupia udongo kaburini kama mtu anayefukia shimo la taka. Jioni hiyohiyo Afande alikuwa na mtu wake. Baada ya hapo alitafuta vya kumfunga tu, na anayetafuta vya kumfunga mtu havikosi. Lilipatikana jembe lenye doa la damu, ingawa ndugu wote wawili walilima nalo. Alipatikana shahidi aliyewahi kuwasikia wakigombania mpaka. Aminiel akapewa kifungo cha maisha, na Afande akapandishwa cheo.

Sasa alilala akipekua kichwani mwake, akitafuta swali moja, moja tu, alilomuuliza Aminiel akiwa na nia ya kusikia jibu. Hakulipata.

"Nipeleke gerezani," akamwambia binti yake.

Walikwenda wiki mbili baadaye, yeye akiwa kwenye magongo. Askari magereza, kwa heshima ya cheo chake cha zamani, akawapa benchi kivulini. Aminiel aliletwa. Aliingia mle akiwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa alikuwa na arobaini na miwili, na meno ya mbele hayakuwepo.

"Shikamoo, afande," Aminiel akasema.

Afande alishindwa kuitikia. Aliona aibu kupokea shikamoo ya mtu yule. Akaenda moja kwa moja kwenye jambo lililomleta, kwa sababu aliogopa kwamba akizunguka atakosa ujasiri.

"Nimekuja kukuuliza kitu. Siku tulipomzika kaka yako, kwa nini hukulia?"

Aminiel alimtazama. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama anayesikia lugha aliyowahi kuijua utotoni.

"Hukumbuki?" akauliza.

"Nikumbuke nini?"

"Asubuhi ile mlipokuja kuchukua mwili shambani, mlinikuta nimemkumbatia kaka. Nililia mpaka vijana wako wakashindwa kunibandua. Ukaja wewe mwenyewe, ukachuchumaa, ukanishika bega. Ukaniambia, 'Jikaze, kijana. Mwanamume halii mbele za watu. Mama yako anakutazama.'"

Skolastika aliinamisha kichwa. Afande aliyatambua. Alikuwa amewaambia wanaume maneno hayo katika misiba isiyo na idadi, kama sote tunavyowaambia, na aliyasema kwa wema.

"Nilikuona mtu mzima unayejua mambo," Aminiel akaendelea. "Nikakutii. Nikajikaza mpaka tukamzika. Mama alipofariki sikuruhusiwa kwenda, nikajikaza. Nimejikaza mpaka leo."

"Kwa hiyo ni nani aliyemuua Elisante?"

"Mimi ningejuaje? Nilikuwa nangoja wewe utafute."

Nani hasa alimuua Elisante hakuna ajuaye, maana tangu jioni ya mazishi hakuna aliyetafuta. Shahidi wa ugomvi wa mpaka alishakufa. Jembe lilishapotea. Yeyote aliyefanya kitendo kile alikuwa na miaka kumi na tisa ya kula, kulala na kusalimiana na watu.

Afande alilia. Alilia waziwazi, magongo yakaanguka, na askari magereza akageuza uso pembeni. Alipoweza kusema aliomba msamaha. Aminiel aliyaokota magongo na kuyaegemeza kwenye benchi.

"Msamaha tutauzungumzia, afande. Sikukatalii. Lakini kwanza niulize na yale maswali mengine uliyoyabakiza. Niliyaandaa majibu yote siku ile uliponiweka selo. Nilijua utakuja asubuhi kuniuliza."

Skolastika akampa baba yake kalamu na kijidaftari. Afande akafuta macho ili auone mstari, akaanza kuuliza, kwa mara ya kwanza, kama mpelelezi. Maswali yalikuwa mengi. Muda wa kumwona mfungwa ulikuwa nusu saa, na zilikuwa zimebaki dakika nne.

Funzo: Anayeusoma uso wa mwenzake bila kumuuliza neno hujisomea yaliyo moyoni mwake mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Uliza kabla hujahukumu, kwa sababu jibu linaloletwa baadaye halimrudishii mtu miaka yake.