Nyumba ya Bibi Nyanzobe

Nawapa kisa, nanyi mtanipa hukumu. Kaeni vizuri, maana mimi mwenyewe hukumu yake imenishinda.

Katika kijiji kimoja cha Usukumani walikuwapo Wakristo watatu wa kigango kimoja. Katekista Nshoma alijaliwa kauli. Akisema, hata wabishi hunyamaza. Holo, mwimbishaji wa kwaya, alijaliwa moyo usioogopa macho ya watu. Wa tatu, Ndaki, hakuwa na kipaji chochote cha kusifiwa. Alikuwa na nguvu za mikono, na watu walimwogopa.

Mwaka huo ng'ombe saba wa Masele, mfugaji wa hapo kijijini, walikufa ndani ya juma moja. Watu wakamnyooshea kidole cha uchawi Bibi Nyanzobe, mjane aliyekuwa na macho mekundu. Mekundu kwa moshi tu, kwa kuwa alipikia vinyesi vikavu vya ng'ombe miaka hamsini. Wakakubaliana kwamba Jumapili, baada ya ibada, wamtoe kijijini kwa mapanga.

Jumapili hiyo Nshoma alifunga Biblia, akatoka akasimama mlangoni. Akawaambia wanaume kwamba anayekwenda kwa bibi yule anakwenda kumpiga Kristo, na aanze na yeye katekista. Kisha mmoja akaweka panga chini, na wengine wakamfuata.

Lakini hofu haikuisha. Hakuna aliyemuuzia bibi chumvi, wala aliyemwitikia salamu. Holo akaenda kumchukua, akamlaza kitanda kimoja na wanawe wadogo, akala naye sahani moja. Mume wake akahamia kwa kaka yake. Majirani wakangoja watoto wafe. Miezi mitatu ikapita, watoto wakanenepa.

Hapo Ndaki akashindwa kuvumilia kusutwa na dhamiri. Alisimama mbele ya waumini wote akakiri kwamba Masele alimwahidi mtamba wa ng'ombe ili amfukuze bibi, naye Masele apate kulichukua bonde la bibi la mpunga. Akakiri pia kwamba mwaka uliotangulia alimfukuza bibi mwingine kwa ujira kama huo, na bibi yule akafia njiani. Polisi wakawachukua wote wawili. Ndaki alifungwa miaka minne.

Tangu siku ile, katika kijiji hicho na vijiji jirani, hakuna mwanamke mzee aliyefukuzwa tena. Waumini wakafyatua matofali, wakajenga nyumba ya kuwatunza wazee wasio na watu. Askofu akatuma neno kwamba atakuja kuibariki, na kwamba nyumba iitwe kwa jina la mtu mmoja aliyemwokoa Bibi Nyanzobe.

Wivu haukuingia siku ya hatari. Uliingia siku ya shukrani.

Nshoma aliacha kumtaja Holo katika maombi. Holo naye akawa anaanzisha wimbo katekista akiwa bado anahubiri. Ndaki, aliyekuwa ametoka gerezani, akakaa kiti cha nyuma akiwatazama wote wawili kama mtu aliyeibiwa.

"Yeye alisema maneno," Holo aliwaambia wanakwaya. "Mimi nilimlaza na wanangu."

Maneno yakamfikia Nshoma. "Nisingesimama mlangoni," akajibu, "angemlaza nani? Maiti?"

Walipomuuliza Ndaki, alisema, "Wao wamebaki na sifa zao. Mimi nilitoa miaka minne, na bado mnaniita muuaji."

Askofu akaja. Alipoona watu wamekaa makundi matatu, alimwita Bibi Nyanzobe, akamwomba amshike mkono mmoja wa wale watatu na kumleta mbele, ili jina lake liandikwe juu ya mlango.

Bibi akasimama kwa shida. Akawatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Baba Askofu," akasema, "nilipokuwa karibu kufa, hawa wote walinipenda. Sasa niko hai, na mwezi wa pili huu hakuna hata mmoja aliyekuja kunisalimia. Wanakwenda tu kuutazama mlango."

Holo aliinamisha kichwa. Nshoma akajifanya kutafuta ukurasa. Ndaki akalia, lakini hakuondoka kwenye kiti chake.

Askofu akasema jina ni lazima, maana aliahidi. Bibi akanyoosha mkono wake, akausimamisha hewani.

Ninyi mnaonisikiliza: mkono ule mngeuweka katika mkono wa nani?