Aliyeitika Bila Kuitwa

Umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Methali hii huwakanya wenye vidole vyepesi vya kunyooshea wenzao. Hutuambia kwamba macho yanaweza kuona sawasawa na moyo bado ukahukumu kombo, na kwamba yule tuliyemkusanyia ushahidi wa kumfunga anaweza kuwa hana kosa hata chembe. Wengi huitumia kwa wanadamu. Hadithi hii inamhusu mbwa, na asiyeamini kwamba mbwa naye huonewa asikilize kisa cha nyumba moja.

Katika nyumba hiyo waliishi mpiga rangi wa magari na mkewe, mshonaji wa nguo. Miaka mingi ya ndoa yao ilipita bila kupata mtoto. Walikuwa wameshachoka kuulizwa na kushauriwa, na wakawa hawajibu tena. Siku moja mume alirudi kutoka gereji na kibwa cha rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na la pili limelala, alichokikuta ndani ya boksi la matambara ya kufutia rangi. Mke alikichukua, akakifunika kwa kipande cha kitenge, akakiita Mtoto. Jina hilo lilianza kama utani, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya mno, utani ukakaa. Wateja waliokuja kupimwa nguo walimsikia akisema, "Mtoto, shuka kwenye kitambaa cha watu," wakageuka kumtafuta mtoto, wakaona mkia.

Lakini Mungu si Athumani. Mwaka ambao hakuna aliyetarajia lolote, mshonaji akashika mimba. Furaha ilipotulia, wenyewe wakaanza kujiuliza juu ya mbwa. Alikuwa amezoea kuwa peke yake kipenzi cha nyumba. Je, angempokeaje mgeni? Wakaamua kumwandaa mapema, na kusema kweli walimwandaa kwa makini kuliko walivyojiandaa wao wenyewe. Mume alirekodi kilio cha kichanga wa jirani kwenye simu, akawa anakipiga polepole kila mbwa anapokula, mpaka akazoea kutafuna huku kelele zikiendelea. Mke alitembea uani akisukuma kigari cha mtoto chenye mfuko wa unga ndani, mbwa ubavuni mwake, majirani wakicheka hadi wakashika mbavu. Kwenye kizingiti cha chumba cha kulala mume alibandika ule utepe wa karatasi ambao wapiga rangi huzibia vioo vya magari, akamfundisha mbwa sheria moja tu, asivuke utepe mpaka aitwe jina. Alijifunza haraka. Angeweza kulala nje ya utepe huo kutwa nzima, pua ikiwa imegusa ukingo wake, lakini akiitwa jina lake alivuka mbio.

Mimba ilipokaribia kutimia akaja mama mzazi wa mume. Mama huyu alikuwa askari jela mstaafu, na mtaani kwake alijulikana kwa jina la Bi Kufuli, kwa sababu hakuna mlango aliouamini. Kazi ya kulinda wafungwa ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye kelele hana madhara na anayetulia ndiye anayechimba ukuta. Alipokagua nyumba, alikagua kitanda cha mjukuu, akakagua dirisha, kisha akamkagua mbwa. Mbwa alilala kimya nje ya utepe, akamtazama. Bi Kufuli hakuupenda mtazamo huo.

Aliposikia jina la mnyama huyo ndipo akakasirika hasa. Alisema ni aibu na ni kufuru kwa mwanamke mwenye tumbo kubwa kumwita mbwa Mtoto. Tangu siku hiyo, akaamuru, mbwa ataitwa Komando. Mwanawe alijaribu kusema kwamba muda umebaki mfupi, mnyama atachanganyikiwa.

"Mfungwa akihamishwa gereza anapewa namba mpya," mama akamjibu, "na kesho yake anaitika."

Neno la Bi Kufuli halikuwa na rufaa. Wakamwita mbwa Komando. Yeye aliinua sikio lake moja, akatazama nyuma yake kuona anayeitwa ni nani, akalala tena.

Siku chache baadaye mtoto akazaliwa, wa kike, mzima wa afya. Mume alileta kofia aliyovaa mtoto hospitalini ili mbwa aizoee harufu. Mbwa aliinusa taratibu, akapiga chafya, akatikisa mkia. Mume alimpigia mkewe simu kumwambia kwamba mambo ni shwari. Alisema hivyo mapema mno.

Siku ya kurudi nyumbani, mume alifungua mlango akatangaza kwa sauti ya furaha kwamba mtoto ameingia nyumbani. Papo hapo mbwa, aliyekuwa ametulia kwenye kona aliyoelekezwa, akachomoka na kupenya katikati ya miguu ya watu, nusura amwangushe mzazi na kichanga chake. Walimrudisha kwenye kona wakisema ni furaha tu. Bi Kufuli alimtazama mbwa kwa muda mrefu.

Kuanzia hapo mambo yakawa ya kutia shaka kweli. Mbwa alilala nje ya utepe kama alivyofundishwa, bila hata kukohoa. Kisha ghafla, bila sababu ambayo mtu angeiona, aliinuka, akavuka, akaenda moja kwa moja kando ya kitanda na kusimama hapo sikio lake moja likiwa wima, akihema juu ya uso wa kichanga. Ilitokea mke aliponong'ona kwamba mtoto amelala. Ilitokea tena mume alipouliza kama mtoto ameshanyonya. Walimfukuza, "Komando, toka!" naye akawatazama kama mtu aliyealikwa karamuni kisha akafungiwa mlango. Akiitwa Komando aje ale, hakuitika. Walimsukuma kwa mguu ndipo akaenda.

"Ana kinyongo huyo," Bi Kufuli akasema jikoni, mkaza mwana wake akiosha chupa. "Wewe unadhani amelala. Halali. Anahesabu pumzi zenu. Mkimtaja tu mtoto, anasimama. Mimi nimelinda watu wa namna hiyo, mwanangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Mshonaji alimtetea mbwa wake siku hiyo, lakini mbegu ya shaka ilikuwa imepandwa na ikaota upesi. Alianza kuyaona meno ya mbwa kila alipopiga miayo. Alianza kufunga chumba kwa komeo hata alipokwenda kuanika nepi. Yule aliyelala miguuni pake miaka yote ya upweke, aliyemlamba mkono kila aliporudi kutoka kliniki na majibu mabaya, sasa alimtia hofu, na hofu hiyo ilimwumiza kuliko kidonda cha uzazi. Alilia akiwa peke yake. Kisha akakagua komeo tena.

Ikafika siku ya mkeka. Mzazi alikuwa amemlaza mtoto sebuleni, akimvalisha baada ya kumwogesha, na simu ikiwa imewekwa sauti ya juu ili azungumze na wifi yake. Wifi naye ana sauti ya kuuzia samaki. "Mtoto yuko wapi?" akapaza. "Nimsikie mtoto! Mtoto wee!"

Mbwa alitokea barazani kama risasi. Aliruka kiti, akatua ukingoni mwa mkeka, ukucha wa mguu wake ukanasa kwenye blanketi na kulivuta pamoja na kichanga. Mama mtu alipiga yowe, akajitupa juu ya binti yake, na katika purukushani hiyo akachubuliwa mkono. Mtoto hakuumia, ila alilia mpaka akawa mwekundu. Bi Kufuli aliingia na ufagio, akamswaga mbwa hadi uani, akamfunga kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo.

Jioni hiyo hapakuwa na mjadala mrefu. Mume alisema maneno machache ya kumwombea mbwa muda, mama yake akamuuliza anachagua mbwa au anachagua damu yake. Akamgeukia mkewe. Mke alikuwa amemkumbatia mtoto, mkono wake una alama ya damu, na hakuinua uso. Mume akampigia simu mlinzi wa ghala la mbao, mtu aliyekuwa akitafuta mbwa wa kufunga getini kwa mnyororo, mvua na jua. Wakakubaliana aje kesho yake.

Kesho yake mume alikwenda gereji mapema kwa makusudi, asije akashuhudia. Mshonaji alijifungia chumbani na mtoto, madirisha yamefungwa. Bi Kufuli akatoa kigoda, akakaa uani kumlinda mfungwa wake hadi akabidhiwe. Mbwa alikuwa amelala kwenye kivuli chembamba cha nguzo na hakugusa chakula.

Jirani mmoja akapita nje ya ua, akasalimia, akauliza, "Mtoto hajambo?"

Mbwa akasimama, mkia ukaanza kupiga.

"Mjukuu wangu hajambo kabisa," Bi Kufuli akajibu. Mbwa akasubiri kidogo, kisha akajilaza.

Jirani akafurahi, akasema atakuja kumwona mtoto jioni. Mbwa akasimama tena.

Bi Kufuli hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Aliagana na jirani, akasubiri hatua zake zipotee, akasogeza kigoda karibu na nguzo. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Komando." Hakuna kitu. Akasema, "Mjukuu." Mbwa alipepesa macho tu. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Mtoto."

Mbwa akaja hadi mwisho wa kamba, nusu ya mwili wake wa nyuma ikiyumba kwa mkia, akalaza kichwa chake magotini pa bibi. Hapo uani hapakuwa na kichanga wala harufu ya maziwa. Palikuwa na kikongwe na ufagio wake, na mbwa aliyefurahi kwamba hatimaye ameitwa na mtu asiyemfukuza.

Bi Kufuli alizirudia siku zote, moja moja. Alikumbuka mlangoni siku ya kwanza, akakumbuka minong'ono ya chumbani na kelele za binti yake kwenye simu, na kila alipotazama alilikuta neno lile lile. Mnyama alikuwa hajavunja sheria hata mara moja. Aliambiwa asivuke mpaka aitwe jina, na nyumba nzima ilikuwa ikimwita jina lake kutwa kucha, kisha ikimpiga kwa kuitika. Na aliyewaaminisha kwamba jina hilo limefutika alikuwa yeye.

Sasa ndipo ugumu ulipoanza. Hakuna mwingine aliyejua. Mlinzi alikuwa njiani. Baada ya muda mfupi mbwa angekuwa hayupo na siri ingekwenda naye. Bi Kufuli aliwahi kuwaadhibu watu kwa kutoitika na wengine kwa kuitika pasipo kuitwa, na hakuwahi kurudi kumwambia yeyote kwamba amekosea. Alijiambia kwamba mbwa ni mbwa tu. Alijiambia pia kwamba mkaza mwana wake atamcheka. Kichwa cha mbwa bado kilikuwa magotini pake.

Geti likagongwa. Mlinzi aliingia na mnyororo begani, mtu mpole, akatoa heshima zake na kumsifu mbwa kwa kifua kipana. Mshonaji alikuwa ametoka na kusimama mlangoni, mtoto kifuani, macho yamevimba. Mlinzi akafungua kamba, akafunga mnyororo. Kisha akauliza swali ambalo mlinzi yeyote angeuliza.

"Anaitwa nani, mama? Nijue kumwita."

Bi Kufuli aliinuka kwenye kigoda. Alimtazama mkaza mwana wake, akatazama ule mkono wenye mchubuko.

"Anaitwa Mtoto," akasema. "Hana jina lingine. Nililompa mimi halijui."

Mbwa alivuta mnyororo kuelekea kwake. Mlinzi akacheka akidhani ni mzaha, lakini mshonaji hakucheka. Alisimama mlangoni akipitia siku zote zilizopita, mpaka alipofika kwenye mkeka.

"Mama," akasema, "kumbe alikuwa anatuitikia?"

"Alikuwa anawaitikia. Mimi ndiye niliyewaambia anawavizia." Sauti ya Bi Kufuli ilikatika, jambo ambalo hakuna mtu katika ukoo alikuwa amewahi kulisikia. "Nisamehe, mwanangu. Mfungue, baba, huyo haendi."

Mlinzi aliondoka na mnyororo mtupu, akinung'unika kwamba watu wa nyumba hiyo hawajui wanachotaka. Mshonaji akaketi chini uani, pale pale kwenye vumbi, binti yake kwenye mkono mmoja na shingo ya mbwa kwenye mkono wa pili, akalia bila kujificha. Bi Kufuli alisimama juu yao wote watatu. Mazoea hayaachi mtu, na ufagio alikuwa bado ameushika. Ila safari hii alikuwa akiutazama mlango wa geti, asije mwingine akaingia na mnyororo.

Kuanzia siku hiyo kichanga kiliitwa kwa jina lake halisi, na aliyesahau alikatishwa na bibi katikati ya sentensi. Mbwa alidhani kila wito ulikuwa wake, na watu walidhani kila hatua yake ilikuwa ya hila. Ama kweli, umdhaniaye ndiye, kumbe siye.