Halua ya Shukrani

Si zamani wala si mbali, hapo Tanga, palikuwa na Bwana Ghalibu, mwenye yadi ya magari, hodari wa kununua leo na kulipa kiama kikikaribia. Siwema, mpika maandazi, alimuuzia gari lake jekundu, na tangu hapo akawa analishwa "njoo kesho" mpaka soli za viatu zikaisha.

Asubuhi moja Siwema aliingia ofisini akicheka, na sahani ya halua mkononi.

"Nimekuja kukushukuru, Bwana Ghalibu, kwa kutonilipa."

Ghalibu alipaliwa na kahawa. "Kunishukuru?"

"Tulikubaliana gari litakuwa lako ukishanilipa. Hujanilipa, basi bado langu. Nakuomba usinilipe mpaka adhuhuri tu."

"Adhuhuri kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kula halua."

Ghalibu alichungulia dirishani. Mama mmoja, bangili za dhahabu mpaka kwenye viwiko, alikuwa akilizunguka lile gari na kulipapasa kama mtoto mchanga. Ghalibu alilirukia sanduku la fedha.

"Shika haki yako yote, tia saini hapa!"

"Umenikomesha, kaka yangu," Siwema alisema kwa kilio, huku akisukumia noti kifuani.

Ghalibu alitoka mbio, meno yote nje. "Karibu, mama! Gari sasa ni langu. Tuongee bei."

"Gari?" mama alishangaa. "Mimi hata baiskeli siiwezi. Namngoja mpwa wangu Siwema. Ameshalipwa? Maana bangili hizi ni za kuazima, na mwenyewe anazitaka kabla ya adhuhuri."