Nani Aliuvusha Mchele Masika?

Nisikilizeni upesi kabla mtoto hajaamka, kisha mniamulie, maana mimi nimeshindwa.

Kuna wanawake watatu, wote watu wangu. Mama mkwe wangu, Bi Tausi, ana meno yanayojua unyevu: akiuma punje moja anakwambia mchele umekauka au bado. Wifi yangu, Mwamvita, anajua majani, lipi la kunywa na lipi la kunusa tu. Jirani yetu Sauda, mke wa mrina asali, anajua kuziba. Chombo akikiziba yeye, hata hewa haipiti.

Kijijini kwetu mpunga huhifadhiwa na maganda yake, wadudu wasiuingie, tunakoboa kidogo kidogo. Lakini mashine iko ng'ambo ya mto, na masika mto haupitiki. Mume wangu, Mshamu, alipokuwa anaondoka kwenda kukata miwa, alinionea huruma, mimba ilikuwa ya miezi saba, akakoboa gunia zima kwa mpigo. Wiki ya pili nikaingiza mkono guniani, nikautoa umejaa fukusi. Nililia. Chakula kingine hatukuwa nacho, na mawingu yalikuwa yameshajikusanya.

Bi Tausi hakulia. Alimwaga mchele kwenye mikeka, akautandaza mwembamba, jua la asubuhi likawachoma fukusi wakatoka wenyewe wakitembea. Akaupepeta, akauhamishia kivulini punje zisipasuke. Siku tatu, mgongo umepinda, akiuma punje na kutema, mpaka punje ikakatika kwa mlio.

Mwamvita alikwenda kwenye mwarobaini wa zahanati, mwendo wa saa mbili, na mguu wake una kidonda. Akakausha majani kivulini pamoja na pilipili. Hakuyachanganya na mchele, tungekula uchungu. Alichana kanga yake mpya, akashona vifuko vyembamba kama kidole, akayafunga humo.

Sauda alileta madumu yake sita ya maji. Akayaosha kwa maji moto na majivu, akayaanika yakakauka kabisa, akajaza mchele hadi shingoni, kila dumu na vifuko vyake, akaziba vifuniko kwa nta ya nyuki. Masika yote yeye alichota maji kwa chungu, kichwani, kwenye utelezi ule.

Mto ukafunga njia wiki kumi. Nikajifungua humo humo, nikatoka damu nyingi mpaka nikaona giza, mkunga akasema huyu ale, ale kila siku. Nikala. Kila dumu tulilofungua, mchele wake ulikuwa mweupe, fukusi hata mmoja hakuna, na maziwa yakatoka. Mtoto ni wa kike, leo ana siku thelathini na tisa.

Kesho ni arobaini, siku ya jina. Mshamu ametuma neno: apewe jina la aliyeuokoa mchele. Na kwetu mwenye jina ndiye somo wa mtoto, mama akifa, somo ndiye anayemchukua. Kwa hiyo siulizwi jina tu. Bado napata kizunguzungu nikisimama, na hilo nalifikiria kila ninaponyonyesha.

Jana walilizungumza wenyewe, mwanzo kwa utani. Bi Tausi alimwambia binti yake, "Ungefunga majani yako kwenye mchele wenye fukusi, mwanangu, ungewawekea kivuli tu wapumzike."

"Mama, jua lako liliwatoa wakubwa," Mwamvita akajibu. "Mayai yalibaki ndani ya punje. Hayo nayo uliyauma?"

Sauda akacheka, akasema hata hivyo, bila dumu lililozibwa, fukusi wangerudi kutoka nyumba ya jirani. "Na jirani ni mimi, nawafahamu, wanene."

Kisha wote watatu wakawa wanamtazama mtoto.

Sauda hajawahi kuzaa. Mwamvita anao watano. Bi Tausi miaka sabini imempita. Mume wangu amesema uangaliwe mchele tu, lakini mimi usiku nayahesabu na hayo.

Bila jua, majani na nta visingefaa kitu. Bila majani, mayai yangeanguliwa dumuni. Bila dumu, tungekuwa tumewaanikia chakula fukusi wa kijiji kizima.

Je, wewe binti huyu ungemkabidhi kwa nani?