Tumbo Moja Haliponi Peke Yake

“Tumbo moja haliponi peke yake.” Mmelisikia neno hilo leo sokoni, mnataka kujua lilikotoka. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, hapa hapa Tukuyu, na mwenye kuianzisha nilimjua.

Atupele alikuwa na kituo cha kulelea watoto wa wachuma chai. Msimu mmoja wa masika, mtoto aitwaye Gwamaka aliharisha hadi macho yakazama. Mama yake akampeleka zahanati, akapewa dawa, akapona. Aliporudi kituoni, ugonjwa nao ukarudi. Akapona tena, akaugua tena. Mara wenzake nao wakaanza, na kina mama wakapandwa na hasira.

“Huyo Gwamaka ndiye anayetuletea balaa,” alisema Mama Lusajo. “Aondoke, la sivyo tunawatoa wetu.”

Mama Gwamaka alilia. Bila kituo angeacha kazi, na bila kazi wangekula nini?

Atupele hakumfukuza mtoto. Aliwaomba wa zahanati wapime choo cha kila mtoto, na chake mwenyewe pia. Majibu yalipotoka, akawaita wazazi.

“Karibu wote wana vijidudu,” akasema, “hata wasioharisha. Tunabadilisha nepi, mkono huohuo unashika kikombe. Tunaambukizana. Dawa tunywe wote, siku moja.”

“Lusajo wangu mzima kabisa!” Mama Lusajo aling’aka. “Anywe dawa ya nini?”

“Hata mimi tumbo halijaniuma, mama, nami ninavyo.” Atupele akameza dawa yake mbele yao. “Tumbo moja haliponi peke yake. Tukimtibu Gwamaka tu, ni sisi tutakaomwambukiza tena.”

Kisha Mama Lusajo akampakata mwanawe, akamshika kidevu.

“Achama, baba.”

Wengine wakafuata. Nepi zikahamishwa mbali na jiko, maji ya kunywa yakachemshwa, sabuni ikawekwa mlangoni, na hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawa. Kuharisha kukakoma, watoto wakarudi kugombania uji.

Siku ya kliniki, Gwamaka alipotundikwa kwenye mizani, nesi aliitazama mara mbili.

“Huyu mmemlisha nini?”

Aliyejibu ni Mama Lusajo, kwa sauti iliyofika barabarani:

“Tulikunywa dawa wote, nesi! Tumbo moja haliponi peke yake!”

Foleni nzima ikalipuka kwa vigelegele.